Barieri Ndani ya Kerneli: Historia ya Kusimamisha Mashini ili Kuiuliza Swali



Leo ninaacha kidogo mambo ya mashamba. Mimi ni mtu wa kilimo, lisanse yangu ni ya agronomia, lakini historia yenye ninataka kuwaletea ni ya enformatike, na mwishoni mutaona kama haiko mbali sana na migomba yetu. Kila telefone ya Android yenye tunashika mkononi inatembea juu ya kerneli ya Linux. Kerneli ni kusema kiini cha mfumo: ile programu ya chini kabisa, yenye inagawanya memori, inapangia programu zingine zamu, na kuongea na skrini, diski na mtandao. Programu ya kawaida ikikosea, unaifunga na kuifungua tena. Kerneli ikikosea, mashini yote inaanguka pamoja nayo.

Sasa, kerneli ikiwa na mdudu, watu wanamutafuta namna gani? Na juu ya nini njia moja yenye inaonekana ya akili sana, ile yenye tunaweza kuita brekipointi yenye sharti, inaenda polepole mpaka mtu anachoka na kuiacha?

Jibu fupi ninalitoa hapa hapa, ili mwenye megabaiti kidogo asiumie. Swali lenyewe halina bei. Bei iko ku kusimama, na ku safari ya kwenda kuuliza. Watu walitumia miaka karibu makumi saba kwa kujifunza hilo, na njo historia ya leo.

1. Tuanze na barabara yenye tunaijua

Kila mtu wa Kivu anajua barieri: kamba au mti umelazwa barabarani, na mtu amekaa pembeni. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walitoa ripoti juu ya barieri za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, wakahesabu 798. Tuache siasa yake. Tuchukue barieri moja tu, ya mfano, ku barabara ya kutoka Bukavu kuelekea Kavumu, na tuseme mwenye barieri anatafuta kamyo moja tu, yenye plaki fulani.

Kuna namna mbili za kufanya hiyo kazi. Namna ya kwanza: mwenye barieri hajui ile plaki. Anasimamisha kila gari, anaandika plaki yake ku karatasi, anatuma motari aende Bukavu ku biro ya mkubwa. Mkubwa anafungua daftari, anaangalia, anajibu: "Hapana, si yenyewe, iache ipite." Motari anarudi, kamba inashushwa, gari linaenda. Halafu gari la pili linafika, na safari inaanza upya. Wamama wenye mihogo yao ya soko la Mudaka wako ku foleni tangu asubuhi.

Namna ya pili: mkubwa aliandika ile plaki ku karatasi ndogo, akamupa mwenye barieri. Magari yanapita, yeye anaangalia tu kwa macho. Siku kamyo yenyewe inafika, njo anasimamisha.

Swali ni lile lile mu namna zote mbili. Kuangalia plaki kunachukua sekunde moja huku na kule. Tofauti ni mahali swali linajibiwa. Shikeni huo mfano, juu brekipointi yenye sharti ndani ya kerneli, kwa miaka mingi, ilikuwa ni ile namna ya kwanza.

2. Kable yenye ilichomolewa

Tunarudi nyuma mpaka mwaka 1946, Philadelphia, Marekani. Mashini ya ENIAC ilionyeshwa kwa watu mwezi wa pili wa mwaka ule. Wenye waliipangia kazi yake walikuwa wanawake sita, na mmoja wao, Betty Holberton, wenzake wanamutaja kama mwenye alileta wazo la kusimamisha mashini katikati ya kazi ili kuangalia imefikia wapi. ENIAC ilipangwa kwa kable. Ukitaka isimame mahali fulani, unachomoa kable ya mahali pale. Ni kukata njia kwa mikono, na njo jina la brekipointi linatokea mule: mahali pa kukatia.

Miaka tatu nyuma, tarehe 6 Mei 1949, ku Cambridge, Uingereza, mashini ya EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza. Mkubwa wa ile kazi, Maurice Wilkes, alisimulia baadaye kwamba siku moja, akiwa ku ngazi za nyumba, alielewa kwamba sehemu kubwa ya maisha yake itaishia mu kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Mashini ilikuwa moja, wenye kuihitaji walikuwa wengi. Mtu akikaa mbele yake akiisukuma amri moja moja ili aone kosa liko wapi, wenzake wote wanangojea. Njo maana kijana mmoja wa pale, Stanley Gill, mwaka 1951 aliandika juu ya njia zingine: programu yenye inasimamia programu ingine, inafuata amri kwa amri na kuandika ku karatasi yenye inaona. Haukuhitaji tena mtu kukaa mbele ya mashini. Lakini juu kila amri ilipita kwanza mu mikono ya mkaguzi, kazi ilikuwa nzito na ya polepole. Tayari mu 1951 ugonjwa wetu ulionekana: ukikagua kila kitu, kila kitu kinachelewa.

3. Dawa mbili za wadudu

Sisi wa agronomia tutafurahi hapa. Ku MIT, Marekani, karibu mwaka 1960, programu ya kutafuta makosa ku mashini ya TX-0 iliitwa FLIT. Mwaka uliofuata, ile ya mashini ya PDP-1 iliitwa DDT. Majina yote mawili ni ya dawa za kuua wadudu! Wale vijana walicheza na neno, juu kosa la programu kwao linaitwa mdudu.

Dawa hizo zilileta ufundi wenye tunautumia mpaka leo. Badala ya kuchomoa kable, unachukua amri moja ndani ya memori, unaiweka pembeni, na mahali pake unaweka amri ingine yenye inasema "simama, nenda ku mkaguzi". Prosesa ikifika pale, inaruka kwa mkaguzi. Ukimaliza kuangalia, mkaguzi anarudisha amri ya zamani, anaitembeza mara moja, anaweka tena mtego wake, na programu inaendelea. Intel ilipotoa prosesa ya 8086 mwaka 1978, iliweka amri ya pekee kwa kazi ile, yenye urefu wa baiti moja tu, ili mtego uingie hata mahali pa amri fupi kabisa. Mwaka 1985, prosesa ya 386 iliongeza rejista za pekee zenye zinaweza kuchunga anwani nne bila kugusa memori. Nne tu, lakini zilisaidia sana.

Mpaka pale mtego ulikuwa mjinga. Unasimamisha kila mwenye kupita.

4. Sharti linaingia, na motari naye anaanza safari

Mwaka 1986 Richard Stallman aliandika GDB, programu ya kutafuta wadudu yenye ingali inatumika dunia nzima. Ndani ya GDB unaweza kusema: simama ku fonksioni hii, lakini tu ikiwa namba ya prosesi ni 4321. Kwa mtu mwenye anatafuta kosa, hiyo ni zawadi. Fonksioni inaweza kuitwa mara laki mbili na kosa likatokea mara moja tu. Nani atabonyeza "endelea" mara laki mbili?

Ila angalieni vizuri nani anajibu swali. Mu namna ya kawaida, mwenye kujua sharti ni GDB. Prosesa haijui lolote. Mtego unabaki mjinga vile vile, unasimamisha kila mwenye kupita, halafu GDB njo inaamua kama itakuamsha wewe ao itaachilia kimya kimya. Wewe unaona mashini haisimami. Kumbe inasimama kila mara, na unafichwa tu.

Kwa programu ya kawaida hilo linavumilika. Kwa kerneli ni hatari, juu huwezi kusimamisha kerneli na kutumia mashini ile ile kwa kuichunguza: kibodi, skrini, diski, vyote viko mikononi mwake. Njo maana unahitaji mashini mbili, ya mgonjwa na ya munganga, na kable katikati yao. Tufuate safari moja:

Prosesa inakanyaga mtego. Prosesa zingine zote za mashini ile zinasimamishwa pia, ili hakuna kitu kibadilike. Ujumbe unatoka ku kable. GDB, upande wa pili, inaomba rejista zote. Halafu inaomba kipande cha memori kwenye namba ya prosesi inakaa. Inalinganisha: si 4321. Inatuma ujumbe wa kurudisha amri ya zamani, wa kutembeza hatua moja, wa kuweka tena mtego, wa kuendelea. Kazi ya kulinganisha yenyewe ni kama nukta ndani ya hiyo safari yote.

Tufanye hesabu. Kable ya seriali ya kawaida inapitisha biti 115.200 kwa sekunde, ni kusema karibu herufi 11.520. Rejista za prosesa ya biti 64, zikiandikwa vile GDB inazitaka, zinapita herufi 300. Ni karibu milisekunde 28 kwa rejista peke yake. Tuongeze memori na ujumbe mwingine, tuseme milisekunde 50 kwa kila kusimama. Fonksioni ikiitwa mara 20.000 mbele ya kufika ku ile unatafuta, ni sekunde 1.000, karibu dakika 17. Ikiitwa mara 200.000, ni karibu saa mbili na dakika 47. Na ndani ya kerneli, mara 200.000 si nyingi: ile fonksioni ya kugawanya zamu, ao ile ya kutoa memori, mashini yenye kazi inaiita maelfu ya mara kwa sekunde moja.

Lakini prosesa yenyewe, kama ungeipa lile swali, ingelinganisha namba mbili mara 200.000 mu muda wenye haufiki milisekunde moja. Saa mbili na dakika 47 kwa upande mmoja, chini ya milisekunde kwa upande mwingine, swali ni lile lile. Hapa kwetu, mbele ya saa mbili hazijaisha umeme umekatika, batri ya laptopu imekufa, na unaanza upya.

Siku hizi wengi wanatumia mashini ya kuigiza ndani ya laptopu moja, sawa vile QEMU, yenye Fabrice Bellard aliitoa mwaka 2003. Kable imeondoka, safari imefupika. Lakini motari angali anaenda na kurudi kila mara, na fonksioni zenye zinaitwa mara milioni zingali zinakushinda.

Tena kuna hasara ya pili, mbaya kuliko ya saa. Wadudu wengi wa kerneli wanatokea wakati prosesa mbili zinagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisimamisha prosesa zote kila mara, ile bahati mbaya ya kukutana haitokei tena. Mdudu anajificha juu ya barieri yako. Unaondoa barieri, anarudi.

5. Ubishi wa Linux

Linus Torvalds alitoa Linux ya kwanza mwaka 1991, ku mashini ya 386. Kwa miaka mingi alikataa kuingiza mkaguzi wa aina ya kgdb ndani ya kerneli yake. Mwaka 2000 aliandika wazi kwamba hapendi programu za namna ile. Alitaka watu wasome kode kwa makini na waelewe kosa linatoka wapi, si kusogea hatua kwa hatua mpaka waone dalili na kuifunika. Wengine waliona anawatesa bure, wakachunga kgdb pembeni, nje ya kerneli, mwaka kwa mwaka. Mwisho iliingia: Linux 2.6.26, mwezi wa saba wa mwaka 2008.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki. Mtu wa kifaa kipya, mwenye hata hajui mashini inakufa wapi, anahitaji mkaguzi. Lakini wakati kgdb inaingia, watu wengine walikuwa wamekwisha kuacha njia ya kusimamisha na kushika ingine.

6. Karatasi ndogo mkononi mwa mwenye barieri

Njia hiyo ingine ilitokea mahali watu hawakuwa wanatafuta wadudu hata kidogo. Mwaka 1992, ku maabara ya Lawrence Berkeley, Steven McCanne na Van Jacobson walitaka kuchunguza pakiti za mtandao. Kerneli ilikuwa inapokea pakiti zote, na kuzinakili zote kwa programu ya juu ili ichague chache kulileta uzito bure. Wakaandika programu ndogo sana yenye inaingia ndani ya kerneli na kuchagua pale pale. Pakiti yenye haitakiwi inaachwa kule kule. Waliiita BPF.

Wazo ni lile la karatasi ndogo: usilete kila gari ku biro, peleka swali ku barieri.

Toka pale mambo yanafuatana. Mwezi wa kumi mwaka 2004, Linux 2.6.9 iliingiza kprobes: mtego ungali ule ule, lakini mwenye kujibu ni kode ndani ya kerneli yenyewe, hakuna kable. Mwaka 2005, kampuni ya Sun ilitoa DTrace pamoja na Solaris 10, kazi ya Bryan Cantrill, Mike Shapiro na Adam Leventhal. Humo unaandika sharti lako, na kerneli inalipima yenyewe ku mahali pa tukio, ku mashini yenye iko kazini, bila kuizima. Mwaka 2012, hata GDB yenyewe, toleo la 7.5, ilijifunza kutuma sharti upande wa mgonjwa, kama kule kuna mwenye anaweza kulipima. Mwishoni mwa 2014, kazi ya Alexei Starovoitov ya kupanua BPF ya zamani, ile tunaita eBPF, iliingia mu Linux 3.18, na mwaka 2015 ikafungwa pamoja na kprobes.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ukimupa mwenye barieri haki ya kuamua, lazima uwe na hakika kwamba hatakulia pale ao kufunga barabara milele. Ndani ya eBPF kuna mkaguzi wa kuingia: programu yako inasomwa yote mbele ya kukubaliwa, na kama inaweza kuzunguka bila mwisho ao kugusa memori yenye si yake, inakataliwa. Kusogeza uamuzi karibu na tukio kunaomba kazi hiyo ifanyike mbele, mara moja, na si kila gari likifika.

7. Na migomba?

Njo hapa mtu wa kilimo anajiona nyumbani. Mnyauko bakteria wa migomba ulitambuliwa Masisi mwaka 2001, halafu ukashuka mpaka kwetu. Hakuna laboratwari ya hapa, hata ya Mulungu, yenye ingeweza kupokea jani la kila mgomba wa Kabare, Walungu na Kalehe na kujibu moja moja. Kazi ilienda wakati mkulima mwenyewe alifundishwa alama: ndizi zinaiva mbele ya wakati, ua la dume linanyauka, ukikata shina unaona ute wa manjano unatoka. Sharti linapimwa shambani, na mwenye shamba. Laboratwari inabaki kwa ile migomba michache yenye inatia mashaka. Na badala ya kungoa shina lote na watoto wake, watafiti walionyesha kwamba mkulima anaweza kukata ule mgomba mgonjwa peke yake, akiufanya kila mara na kwa kisu chenye kimesafishwa kwa moto ao javeli.

Hakuna mtu wa migomba mwenye alisoma GDB, wala mtu wa GDB mwenye aliona Kabare. Shida tu ni moja, na ilipata jibu moja.

8. Kwa wenye wataijaribu

Ninaandika hii juu ninasikia mara nyingi wadogo wetu wa enformatike wakisema: kazi ya kerneli si ya hapa, inaomba mashini ya nguvu. Kode ya Linux iko wazi kwa kila mtu, na QEMU ni ya bure. Yenye inakula saa nyingi si udhaifu wa laptopu ya mitumba, ni motari wa kwenda na kurudi. Mashini ya bei kali mara kumi nayo ingekaa ku foleni.

Basi, mbele ya kuweka sharti, hesabu kwanza: mahali hapa panapitwa mara ngapi? Kama ni mara mia, weka brekipointi yenye sharti bila wasiwasi, GDB itatosha. Kama ni mara laki, tafuta mahali pengine penye kupitwa mara chache, karibu na kosa. Kama hakuna, andika sharti lako mwenyewe ndani ya kode ya kerneli, mstari mmoja wa "ikiwa", weka brekipointi ya kawaida ndani yake, na ukompile tena. Kukompile kunachukua muda, lakini mara ya pili ni faili moja tu inabadilika. Na kama mashini haipashwi kusimama kabisa, tumia kprobes ao eBPF: sharti linapimwa ndani, na wewe unapokea tu mistari yenye ulikuwa unatafuta.

Wenye munasoma enformatike ku iniversite za hapa, chagueni fonksioni moja ya kerneli mwishoni mwa juma hili, muhesabu inaitwa mara ngapi kwa sekunde moja mashini ikiwa inawaka tu, bila kazi. Namba yenyewe itawaambia munahitaji barieri ya namna gani.